Maua Yanayojipanda Yenyewe: Bustani ya Anayeanza Katika Mvua za Rubafu

Vitabu vingi vya bustani vinavyosomwa Afrika Mashariki viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi kali, na ndiyo maana hugawa maua katika makundi mawili yanayotenganishwa na sakitu, yaani umande unaoganda usiku: maua ya msimu, ambayo huota, huchanua na kufa ndani ya mwaka mmoja, na maua ya kudumu, ambayo mizizi yake hustahimili baridi na kuchipua tena mwaka unaofuata. Mgawanyo huo ukipelekwa Rubafu, kata ya Wilaya ya Bukoba iliyo kwenye rasi inayochomoza ndani ya Ziwa Victoria kaskazini mwa mji wa Bukoba, hupoteza sehemu kubwa ya maana yake. Uso wa ziwa hilo uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto la kila mwezi hauendi mbali na nyuzi 20 au 21 za Selsiasi mwaka mzima, na mvua ya ukanda wa Bukoba, ambayo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ni miongoni mwa mvua kubwa kabisa nchini Tanzania. Mmea ambao mkazi wa London huununua mwezi Mei na kuutupa Oktoba, kwa kuwa baridi imeshauunguza, katika mazingira kama hayo huishi miaka kadhaa, hunenepa shina, na katika kila msimu wa mvua huzungukwa na watoto wake ambao hakuna aliyewapanda.

Watoto hao ndio wanaoitwa na wakulima maotea, yaani miche inayotokana na mbegu zilizoanguka zenyewe kutoka kwenye mmea mama bila ya mkono wa mtu, na maua yenye tabia hiyo pamoja na maisha marefu ndiyo yanayomfaa zaidi mtu anayeanza bustani akiwa na fedha kidogo, muda mchache na uzoefu mdogo. Hata hivyo, urahisi wake una masharti yake. Katika nchi ya baridi mkulima hupigana ili ua lake lisife, na anayefanikiwa husifiwa kwa hilo. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi na hakuna baridi inayoua, ua la aina hii haliombi kusaidiwa liishi, bali humtaka mwenyewe aamue liishie wapi. Kwa hiyo kazi kubwa ya utunzaji hapa haiko katika kupanda na kumwagilia, kama wengi wanavyodhani wanapoanza, bali katika kuchagua ni mche upi unaobaki na upi unaong'olewa, na anayekubali jambo hilo mapema hupata bustani nzuri kwa gharama ndogo kuliko yule anayenunua miche mipya kila mwaka.

Uchaguzi wa kwanza unahusu mahali, na mahali katika nchi ya Wahaya, wenyeji wa ukanda wa Bukoba, hapaeleweki bila ya kuelewa udongo. Sehemu kubwa ya ardhi ya ukanda huo imelala juu ya miamba ya mchangatope na mawe ya mchanga, na mvua nyingi za karne nyingi zimeosha rutuba ya juu na kuacha udongo wenye tindikali, ambao ukiachwa peke yake huotesha nyasi za rweya, yaani mbuga wazi zisizolimwa zinazotenganisha kijiji kimoja na kingine. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ni udongo uliotengenezwa na watu: vizazi na vizazi vimebeba nyasi kutoka rweya na kuzitandaza chini ya migomba, vimemwaga samadi ya ng'ombe, majivu, maganda na mabaki ya jikoni, hadi ardhi iliyokuwa dhaifu ikawa nyeusi na nzito. Matokeo yake ni kwamba kila kaya ina bustani mbili zinazopingana bila ya kukusudia, moja ikiwa uwanja wa mbele ya nyumba, wenye jua kali na mchanga unaopitisha maji upesi, na nyingine ikiwa kivuli cha migomba, chenye unyevu na rutuba. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuzichanganya hizo mbili, kwa kulipanda ua la kivuli uwanjani na ua la jua chini ya mgomba, kisha kulaumu mbegu.

Kivuli cha migomba kina ua lake, nalo ni mwenyeji wa Afrika Mashariki ingawa wengi hulidhania kuwa la kigeni kwa sababu hulikuta kwenye vyungu vya hoteli. Hilo ni impatiensi, kwa jina la kisayansi Impatiens walleriana, mmea laini wenye shina lililojaa maji, majani mabichi yanayong'aa na maua bapa ya rangi nyekundu, waridi, machungwa au nyeupe, ambao kwa asili huota wenyewe katika misitu yenye unyevu na kandokando ya vijito kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Historia ya jina lake ina kona moja ya Zanzibar inayostahili kutajwa. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea wa Uingereza Joseph Hooker aliupa mmea huo jina la kumkumbuka Horace Waller, mmisionari aliyekuwa amefanya kazi katika bonde la Zambezi. Kisha mwaka 1882, baada ya John Kirk, konseli mkuu wa Uingereza katika Zanzibar, kupeleka mmea kama huo katika bustani ya Kew iliyo London, Hooker huyohuyo aliuona kuwa ni mwingine na kuuita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash bin Said. Wataalamu wa baadaye walipobaini kwamba mimea hiyo ni mmoja, kanuni ya sayansi inayotaka jina la zamani zaidi ndilo libaki ilimpa mmisionari ushindi, na sultani akabaki katika vitabu vya kale tu.

Kwa njia hiyo ya Kew mmea wa misitu ya Afrika Mashariki uliingia katika biashara, ukazalishwa kwa rangi nyingi, na ukawa mojawapo ya maua yanayouzwa kwa wingi zaidi Ulaya na Marekani, ambako hutendewa kama ua la msimu mmoja. Tangu mwaka 2003, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia upande wa chini wa majani, ambao ulionekana kwanza Uingereza na baadaye ukasambaa Marekani, umezifanya bustani nyingi za huko ziachane nalo. Dalili yake ni majani yanayofifia na kujikunja, vumbi jeupe chini ya jani, na hatimaye shina lililobaki uchi, na yeyote anayeletewa miche ya kisasa kutoka vitalu vya mbali anafaa kuigeuza majani na kuikagua kabla ya kuipanda karibu na ile ya kienyeji.

Tabia ya kujipanda ya impatiensi hutokana na tumba lake, yaani kifuko cha kijani kinachobeba mbegu. Tumba likikomaa, kuta zake hujikaza kiasi kwamba mguso mdogo, hata wa tone la mvua, hulipasua kwa nguvu na kurusha mbegu umbali wa hatua kadhaa. Mbegu hizo ni ndogo na huhitaji mwanga ili ziote, jambo lenye matokeo makubwa katika kibanja, kwa kuwa matandazo mazito, yaani tabaka la nyasi na majani makavu yanayowekwa juu ya udongo ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu, huzizuia mbegu za ua hili sawasawa na yanavyozuia magugu. Anayetaka ua liendelee huacha ukanda mwembamba usio na matandazo, hasa kando ya njia inayopita katikati ya kibanja, na anayetaka lisimame huongeza nyasi. Kwa maneno mengine, chombo cha kuliongoza ua hili tayari kimo mikononi mwa kila mwenye kibanja.

Kuanza nalo hakuhitaji mbegu hata kidogo. Kikonyo, yaani kipande cha shina chenye urefu wa kidole na vifundo viwili au vitatu, kikikatwa asubuhi na kuchomekwa kwenye udongo wenye unyevu au kuwekwa katika bilauri ya maji, hutoa mizizi baada ya wiki mbili hivi, na mmea unaopatikana hufanana kabisa na ule uliotoa kikonyo. Si busara kuliweka impatiensi chini ya mbuni, kwa kuwa mizizi ya kahawa inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi na haipendi mshindani. Pembeni ya mfereji wa maji ya mvua, kwenye kona isiyopata jua la mchana, au ukingoni mwa migomba, ndiko linakostawi bila ya kumsumbua mtu.

Uwanja wa mbele una ua tofauti kabisa. Vinka, ambalo jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus, asili yake ni Madagaska, na uwezo wake wa kuvumilia mchanga, jua na kusahauliwa ndio uliolifanya lienee katika nyua, shule na makaburi ya nchi zote za joto. Maua yake yenye petali tano, meupe au ya waridi, mara nyingi yakiwa na doa jekundu katikati, huendelea kuchanua mwaka mzima, na kila ua hutengeneza maganda mawili membamba yaliyosimama, ambayo yakikauka hupasuka na kumwaga mbegu nyeusi karibu na mmea mama. Tofauti na impatiensi, mbegu za vinka huota vizuri zaidi zikifunikwa na udongo kidogo, na ndiyo sababu maotea yake huonekana mara nyingi katika nyufa za sakafu ya nje, pembezoni mwa mawe na mahali ambapo fagio limesukuma vumbi.

Adui wa vinka katika Rubafu ni yaleyale maji yanayolifurahisha impatiensi. Kuanzia Machi hadi Mei, na hasa Aprili ambao kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, mizizi inayosimama katika maji huoza, shina hugeuka jeusi kutoka chini, na mmea uliokuwa mzuri Jumatatu hulala chini kabla ya wiki kuisha. Dawa si kunyunyiza chochote, bali ni kuinua tuta la kimo cha kiganja au zaidi, kulichanganya na mchanga wa kutosha, na kujiepusha na samadi, kwa sababu samadi nyingi hulifanya vinka litoe majani laini yanayoshambuliwa upesi, huku maua yakipungua. Ni mojawapo ya mimea michache ambayo umaskini wa udongo wa nje ya kibanja ni faida kwake, na mtu anayeulazimisha utajiri huupoteza.

Vinka lina historia ya tiba ambayo ni fahari, lakini pia ni hatari. Mwaka 1958 watafiti Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, waliokuwa wakichunguza majani yaliyotoka Jamaika ambako yalitumika kama chai ya kisukari, walitangaza kupatikana kwa vinblastini, kemikali inayozuia chembe za saratani kugawanyika, na baada yake ikafuata vinkristini, ambayo hadi leo ni nguzo katika matibabu ya saratani ya damu ya watoto. Kutokana na sifa hiyo, wapo wanaochemsha majani ya vinka nyumbani kwa ajili ya sukari au shinikizo la damu. Kiasi cha kemikali katika jani hakipimiki jikoni, na sumu inayoua chembe za saratani huua pia chembe zilizo salama, hivyo ua hilo linapaswa kutazamwa tu, watoto waonywe, na mbuzi wafungwe mbali nalo.

Kati ya jua na kivuli, mahali ambapo ukuta wa nyumba huzuia jua la asubuhi, hufaa ua ambalo hufunguka kuanzia yapata saa kumi jioni, hubaki wazi usiku kucha likitoa harufu tamu inayowavuta nondo, kisha hujifunga asubuhi jua linapopanda. Jina lake la kisayansi ni Mirabilis jalapa, asili yake ni Amerika ya kitropiki, na linajulikana kwa kichaka chake kizito na mbegu nyeusi za ukubwa wa pilipili manga, moja moja kwa kila ua. Chini ya ardhi lina mzizi mnene unaohifadhi chakula, kwa hiyo hata likikatwa hadi usawa wa udongo wakati wa kyanda, yaani kiangazi cha Juni hadi Agosti, huchipua mvua zinaporejea. Shina moja linaweza kubeba maua ya njano, ya waridi na yenye mistari kwa pamoja, na mmea huu una nafasi katika historia ya sayansi: mwaka 1909 Mjerumani Carl Correns aliutumia kuonyesha kwamba rangi ya majani yenye mabaka hurithiwa kutoka kwa mmea mama peke yake, bila ya kufuata kanuni za urithi zilizokuwa zimegunduliwa na Mendel. Mizizi na mbegu zake ni sumu zikiliwa. Ni ua jema kwa anayerudi nyumbani jioni, na pengine ndilo linalosahaulika zaidi isivyostahili.

Kwa anayehitaji mtambaazi wa kufunika uzio, mgeni hana sababu ya kuitwa, kwa kuwa Thunbergia alata, wenye maua ya rangi ya machungwa na kitovu cheusi, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, hujipanda wenyewe na hudumu. Unahitaji tu kamba au fito za kupandia na mkono wa kuupunguza. Kana, wenye majani mapana na maua mekundu au ya njano, huishi kwa mashina manene ya chini ya ardhi na kwa mbegu ngumu kama risasi, lakini uko katika oda moja ya mimea pamoja na mgomba. Katika mkoa ambao tangu katikati ya miaka ya 2000 umehangaika na mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, tahadhari inataka kana ukae mbali na kibanja, na kisu kilichokata mgomba kisikate ua kabla ya kupitishwa motoni.

Kupalilia kwa macho

Jembe ndilo adui mkubwa wa maua yanayojipanda. Mbegu zilizoanguka wakati wa mvua za masika na kulala kiangazi kizima huamka mvua za vuli zinapoanza, kati ya Septemba na Oktoba, na huo ndio wakati ambao kila nyumba hutoa majembe ili kusafisha uwanja, hivyo mamia ya miche hufukiwa na mtu ambaye wiki mbili baadaye huenda kutafuta miche mjini. Palizi ya bustani ya aina hii hufanywa kwa mkono, mkulima akiwa amechutama, na sharti lake ni kuijua sura ya mche ungali na majani mawili ya awali, yale yanayotoka ndani ya mbegu yenyewe na ambayo hayafanani na majani ya baadaye. Ya Mirabilis ni mapana na manene, ya impatiensi ni madogo ya mviringo juu ya kishina kinachoangaza mwanga, ya vinka ni madogo yenye umbo la yai, na mara jozi ya pili inapotokea huonyesha mstari mweupe katikati ya jani. Kishona nguo, gugu ambalo mbegu zake hung'ang'ania kwenye mavazi, huwa na majani ya awali marefu na membamba, na likishajulikana hilo nusu ya kazi imekwisha. Njia nyepesi ya kujifunza ni kupanda mbegu chache za kila ua katika kopo lililoandikwa jina, kisha kulinganisha kilichoota humo na kilichoota uwanjani.

Baada ya kutambua hufuata kupunguza, hatua ambayo wanaoanza huiona ya kikatili. Miche hamsini ya vinka iliyosongamana katika eneo la sinia haitoi maua hamsini, bali hutoa vijiti virefu vinavyogombea mwanga na kushikwa na ukungu kwa kukosa hewa, na katika hali ya hewa yenye unyevu kama ya Rubafu hewa kati ya mimea ni kinga kuliko dawa yoyote ya dukani. Kipimo kinachofaa ni takriban sentimita 30 kati ya mche na mche kwa vinka na impatiensi, na mara mbili ya hapo kwa Mirabilis. Miche inayong'olewa ikiwa na majani manne hadi sita, jioni au siku ya mawingu, pamoja na donge la udongo, hushika vizuri mahali papya, na inayobaki ni zawadi kwa jirani au kwa shule, ambako mabustani yaliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa hayajawahi kushiba maua.

Kukata ndiko kunakoamua wingi wa mwaka unaofuata. Ua lililonyauka likiondolewa kabla ya kutengeneza mbegu, mmea hutumia nguvu zake kuchanua tena, na likiachwa, hutengeneza kizazi kipya. Mkulima anayetaka vyote viwili huondoa maua makuukuu kwa miezi mingi, kisha huacha matawi machache yaliyo na rangi aipendayo yakomae kuelekea mwisho wa mvua. Hapo ndipo bustani hupata sura ya mwenyewe, kwa sababu akiacha tu yale meupe yazae mbegu na kung'oa ya waridi kabla hayajachavushana, yaani kabla chavua ya moja haijalifikia jingine, baada ya misimu michache uwanja huelekea weupe. Anayeanza na pakiti ya mbegu chotara, yaani mbegu zilizotokana na kuzalisha mistari miwili tofauti, asishangae maotea yake yakitoka tofauti na picha ya pakiti. Watoto wa chotara hurudi kwa mababu zao mbalimbali, na mara nyingi warefu, wenye maua madogo lakini wagumu ndio wanaolifaa eneo. Mbegu za akiba hukaushwa kivulini na kutunzwa katika bahasha ya karatasi yenye jina na mwezi, kamwe si katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu wa ziwani ukifungiwa humo mbegu huota kuvu.

Ua lililokataa mipaka

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wana sababu ya pekee ya kutolichukulia kwa wepesi ua linalojieneza. Gugu maji, mmea unaoelea wenye maua mazuri ya zambarau hafifu, lilitoka bonde la Amazoni na kusambazwa katika mabara mengine kwa sababu ya uzuri huo huo, likitunzwa katika mabwawa ya bustani hadi lilipotoroka. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera, unaoingia ziwani upande wa Uganda mwendo mfupi kaskazini ya mpaka, ulikuwa na umeendelea kuwa mojawapo ya njia kuu za kulileta kutoka nyanda za juu. Kufikia miaka ya mwisho ya 1990 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 10,000 za maji, likiziba mialo, likikwamisha mitumbwi na kuzuia meli bandarini, kabla ya kupungua kwa msaada wa mbawakavu wadogo wa jamii ya Neochetina, wenye asili ya Amerika ya Kusini, walioachiwa ziwani kuanzia katikati ya muongo huo. Kupungua hakukuwa kwisha, kwani mbegu zake hukaa hai katika tope kwa miaka 15 au zaidi. Bustani ya nyumbani iliyo karibu na ziwa haina nafasi ya ua hilo, hata ndani ya beseni.

Nchi kavu ina mifano yake. Lantana, kichaka chenye vishada vya maua ya njano na nyekundu kilichotoka Amerika, bado hupandwa kama uzio, ilhali ndege hula matunda yake na kuzidondosha mbegu rweya, ambako kichaka hicho hufukuza malisho na majani yake huwadhuru ng'ombe wanaoyala. Alizeti mwitu, yaani Tithonia diversifolia, iliyotoka Meksiko na Amerika ya Kati, ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa hujieneza bila ya aibu kando ya barabara, lakini utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya umeonyesha kwamba majani yake mabichi, yakishakaushwa, huwa na naitrojeni ya takriban asilimia 3.5, kiwango kinacholifanya kuwa mbolea ya kijani ya bei nafuu. Uamuzi wa busara ni kutoipanda kamwe, na kuikata ile iliyokwisha kuota kabla haijatoa mbegu, kisha kuitandaza chini ya migomba. Kwa maua mengine yote kipimo ni kimoja: ua ambalo mbegu zake hubebwa na ndege, upepo au maji halimfai anayeanza, na ua ambalo mbegu zake huanguka ndani ya hatua chache kutoka kwa mama yake linaweza kudhibitiwa na mtu mmoja mwenye mikono miwili.

Kuna sababu ya kijamii inayoyafanya maua haya yafae Rubafu kuliko yale yanayodai kumwagiliwa kila siku. Kaya nyingi za Bukoba na wilaya jirani ya Muleba zina watu wanaoishi Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo, ambao hurudi mwishoni mwa Desemba kwa ajili ya Krismasi, na nyumba nyingine hubaki na mzee mmoja au mwangalizi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Vilevile Wahaya wengi huwazika wapendwa wao ndani ya kibanja cha familia, hivyo makaburi ya mababu ni sehemu ya mazingira ya nyumba na husafishwa kabla ya sikukuu. Bustani ya waridi katika mazingira hayo hugeuka kichaka kabla ya Pasaka, ilhali vinka lililopandwa kuzunguka kaburi mahali penye jua hudumu miaka mingi likijirithi lenyewe, likihitaji kupunguzwa mara mbili kwa mwaka tu, mara moja Oktoba maotea yanapotokea na mara nyingine Desemba watu wanapokusanyika. Mwangalizi anayepewa kazi hiyo aelezwe kwa uwazi ni majani yapi ayaache, kwa sababu agizo la kawaida la kufyeka kote humaliza kwa asubuhi moja kilichojengeka kwa miaka.

Msomaji anayetaka kuanza msimu huu asinunue kitu. Aombe kwa jirani vikonyo vitatu vya impatiensi na ganda moja kavu la vinka, ainue tuta uwanjani na kuacha ukanda usio na nyasi kando ya njia ya kibanja kabla ya mvua za Septemba, na awaambie wanaolima nyumbani kwake waliweke jembe mbali na sehemu hizo mbili hadi Novemba.